Hallbera na Mlango Uliosubiri Miaka Ishirini na Miwili

Jumapili ya tarehe 30 Septemba 2018 ndiyo siku ya mwisho ya kazi ya Hallbera Eyvindsdóttir, mtunza mfululizo wa Ushirika wetu wa Filamu. Siku hiyo atakuwa ametumikia miaka thelathini na tisa na miezi mitano kasoro siku mbili. Mimi niliandika miaka arobaini ili mambo yaishe, lakini rasimu ya aya hii ilirudi mezani kwangu kutoka kwake ikiwa na mstari mwekundu na maneno haya pembeni: "Dagbjartur, usitie chumvi. Kasoro siku mbili." Basi kasoro siku mbili.

Kwa jirani zetu wa bondeni watakaosoma gazeti hili ukumbini kwao Jumamosi tunapomuaga, mtunza mfululizo ni yule mtu anayekaa kando ya kamera na daftari magotini. Filamu haipigwi kwa kufuata hadithi ilivyo. Mwigizaji huinua kikombe Jumatatu na kukishusha Alhamisi, na kati ya siku hizo lazima kuwe na mtu anayekumbuka kwamba kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, kahawa imefika nusu, na kifungo cha pili cha shati kimefunguliwa. Katika nchi kubwa hiyo ni kazi kamili ya mtu mmoja, naye ana msaidizi. Hapa kwetu Hallbera aliifanya huku anaendesha gari la vifaa, anapika supu ya kondoo ya watu tisa, anashona, anabembeleza wakulima watuachie kipande cha malisho, na anakufa. Amekufa katika filamu saba, kwa sababu maiti hana maneno ya kukariri na yeye tayari alikuwa analipwa. Mwaka 1992 alikufa mara mbili katika kiangazi kimoja, mara ya kwanza kwa kifua kikuu na ya pili kwa kuzama. Jumatatu iliyofuata alikuwa ameketi kwenye dimbwi la kuogea la maji moto la mtaani kwao, mzee mmoja akamsogelea akamwambia, "Hallbera mwanangu, hao watu wa filamu wana nini na wewe?"

Alikuja kwetu kutoka dukani. Mwaka 1979 alikuwa anauza sweta za sufu huko Reykjavík, mji wetu mkuu, na mwongozaji wetu, Ketill, aliingia amelowa hadi kiunoni akitafuta sweta inayofanana na ile iliyochukuliwa na mto katikati ya kazi. Alionyesha picha. Hallbera akaitazama akasema dukani haipo. Ketill akamwonyesha iliyokuwa ikining'inia pale mbele yake, rangi ile ile, nakshi ile ile. Hallbera akamjibu, "Bwana, aliyefuma yako hukaza uzi shingoni. Huyu halegezi wala hakazi, hajali tu. Watu wataona." Ketill alinunua sweta, kisha akamchukua na muuzaji. Mshahara aliomwahidi siku ile ulikuwa mdogo kuliko wa dukani, na wote wawili walijua.

Kosa lake ni moja tu katika miaka yote hii, na kwa kuwa lilitokea katika ukumbi huu huu, sitalificha. Nilikuwa bado sijaajiriwa, ila nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba naona kama nilikuwapo. Ilikuwa filamu yetu ndefu ya kwanza, mwaka 1983, habari za mkulima fukara na mwaminifu anayekufa kwa uchovu baada ya kuwaokoa kondoo wake katika theluji. Fedha za serikali hutoka mwezi wa nne, kwa hiyo sisi hupiga filamu zetu karibu zote kiangazi, hata zile za theluji, hata zile za giza, na kiangazi chetu giza hakina. Tuliziba madirisha kwa plastiki nyeusi ya kufungia nyasi na kumwaga chumvi ya samaki mlimani iwe theluji. Tatizo lilikuwa kondoo. Mwezi wa saba kondoo wote wako juu milimani wakijilisha wenyewe mpaka msako wa Septemba, wanapokusanywa na kushushwa. Nyumbani walibaki kumi na wawili tu, vilema na wakorofi, mali ya Bersi wa shamba la Nes, ng'ambo ya mto. Tukawaazima.

Hallbera aliandika kila kitu. Kiko cha mkulima, viraka vya suruali, kidole kilichofungwa kitambaa. Lakini alizaliwa mjini, binti wa fundi viatu, na hakuna aliyemwambia aandike masikio. Kila shamba hapa lina alama yake, namna ya kuchanja masikio ya kondoo, imesajiliwa kitabuni, baba anamrithisha mwana. Mwezi wa kumi na moja filamu ikaja kuonyeshwa katika ukumbi huu. Watu walikaa vizuri, wametulia, mpaka kamera iliposogea karibu na uso wa kondoo mmoja akitafuna. Safu nzima ya mbele ikasimama.

"Hao ni kondoo wa Bersi!"

"Bersi, uliwauza?"

"Sijauza hata mmoja!"

Kuanzia hapo filamu ilikwisha. Yule mkulima mwaminifu alihangaika katika theluji, alipiga magoti, alikata roho mikononi mwa mkewe, na hakuna aliyetoa chozi. Mwizi amekufa, basi. Bibi mmoja wa hapa bondeni, Gróa wa shamba la Bakkasel, alimngoja Hallbera mlangoni, akamshika mkono kwa upole kabisa. "Binti yangu," alimwambia, "umenitazamisha mwizi wa kondoo saa mbili nzima, halafu ukataka nimlilie?"

Hallbera hakulala siku tatu. Ya nne alinunua kitabu cha alama za masikio za wilaya, kile kinene, akakisoma kama watu wengine wasomavyo riwaya. Tangu hapo hajapita kondoo yeyote mbele ya kamera yetu kabla hajakaguliwa masikio. Na kila baada ya miaka kadhaa alirudi Bakkasel kunywa kahawa kwa Gróa, na ndiyo maana filamu ninayotaka kuieleza ilipigwa huko.

Kwanza niseme kidogo kuhusu sisi, kwa kuwa toleo hili la gazeti la wafanyakazi ndilo la mwisho na hakuna mhariri wa kunikata. Sisi ni nchi ya watu laki tatu na nusu. Mwigizaji wetu akicheza mwuaji mwaka huu, mwakani anacheza mchungaji wa kanisa, na watazamaji wanahitaji nusu saa kumsamehe. Kila filamu yetu ni ya kwanza. Tunaanza na mkono mtupu, na mkono mtupu haulambwi. Tunaomba, tunaandikiwa barua nzuri, tunaomba tena. Wageni wanakuja na ndege zao, wanapiga filamu kwenye mchanga wetu mweusi na barafu yetu, na nchi hii imeshaigiza mwezi, imeigiza Siberia, imeigiza sayari zisizo na majina. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumepona kweli, sitakataa. Hallbera mwenyewe alifanya kazi kwa wageni wiki kumi na moja, akalala hoteli, akala kwenye hema ambalo kazi yake ilikuwa chakula tu. Aliporudi tulimwuliza kukoje. Alisema, "Kuna mtu kazi yake ni mwavuli. Anaufungua, anaufunga. Ana familia." Tukamwuliza mbona basi hakubaki. Akavua viatu, akaweka miguu karibu na kipasha joto, akasema kule hakuna anayejua filamu itatazamwa na nani, na yeye hawezi kuandika daftari la watu asiowajua.

Nimechoka, na nadhani sote tumechoka. Waliosema subira yavuta heri hawakuwahi kujaza zile fomu. Lakini huyu mwanamke sijapata kumwona akifungua daftari kwa uvivu.

Filamu yenyewe iliitwa *Mwaka wa Nyasi Chache*. Ketill aliiandika kwa miaka mitano. Ni habari za mkulima katika mwaka mbaya ambaye lazima aamue kubaki shambani au kuhamia mjini, na uamuzi anaufanya ndani ya banda la kondoo, peke yake, hatumwoni. Anaingia mlangoni hajui, anatoka akiwa amejua, anamvuta kondoo mmoja. Ketill alikuwa akisema filamu yote ni ule mlango na mengine ni kuufikia. Mkulima alichezwa na Hafliði, aliyekuwa na miaka arobaini na moja na mabega ya mbeba magunia.

Alhamisi ya tarehe 19 Septemba 1996 tulimpiga picha Hafliði akiingia. Alisukuma mlango kwa bega la kushoto, taa ya mafuta mkono wa kulia. Tulikuwa tumebakiwa na siku tisa. Kutoka kwake kulipangwa Ijumaa asubuhi. Ijumaa asubuhi tukiwa jikoni kwa Gróa simu ililia. Washirika wetu wa ng'ambo, walioahidi nusu ya gharama, walikuwa wamebadili mawazo, na bila wao mfuko wa filamu wa hapa nao usingeweza kuendelea. Ketill alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nne, akakata simu. Gróa akamwekea kleina sahanini, yaani lile andazi letu la kusokota, akamwambia, "Kula kwanza."

Tulipakia vitu. Hallbera hakupakia kama sisi. Alichukua sanduku, akaweka sweta ya Hafliði, taa, kofia, kamba ya kumvutia kondoo, na daftari, akalifunga kwa ile kamba ya buluu ya kufungia nyasi. Juu akaandika: *Mlango. Ameingia. Hajatoka.* Akaniambia ni suala la mwaka mmoja tu.

Tuliomba tena mwaka uliofuata. Tuliomba mara kumi na moja kwa jumla. Barua zilikuwa za heshima, na moja ilisema mswada wetu una "nguvu isiyo ya kawaida" kabla ya kutukatalia. Kila mwezi wa tano Hallbera alilifungua lile sanduku, akaianika sweta, akaikagua nondo, akairudisha. Na kila walipokutana na Hafliði alimkagua naye. Hafliði alilijua hilo. Nimewahi kuwa nao kwenye dimbwi la maji moto, Hafliði akamwuliza kwa unyonge wa utani, "Hallbera mpenzi, kleina moja naruhusiwa?"

"Moja," alijibu Hallbera. "Na ndevu usiguse."

"Mke wangu anasema zinachoma."

"Mwambie avumilie, tunapata fedha mwakani."

Miaka mitatu Hafliði alitunza ndevu zile. Wa nne alipata kazi ya tamthilia, wakamtaka anyoe. Alikwenda hadi nyumbani kwa Hallbera na maua, akasimama kizingitini akiwa na kidevu cheupe, akaomba radhi kama aliyevunja kikombe cha mtu. Hallbera alimkaribisha, akampa kahawa, kisha akaandika daftarini: *Ndevu: kuota tena, miezi mitano.* Baadaye nyonga ya Hafliði iliharibika, akafanyiwa upasuaji, akaacha jukwaa. Siku hizi anaendesha basi dogo la watalii kwenda kwenye maporomoko ya maji. Ketill anafundisha, na kabla ya hapo alitengeneza matangazo ya maziwa mgando. Gróa alifariki mwaka 2007. Mwaka uliofuata benki zikaanguka, na kwa muda hata zile barua za heshima hazikuja.

Mwaka huu ushirika umeuza ghala letu la vifaa. Litakuwa nyumba ya wageni, vyumba kumi na sita, na funguo zinakabidhiwa Jumatatu ya tarehe 1 Oktoba. Tulitumia mwezi wa nane kugawa miaka arobaini. Makumbusho fulani yalikubali kamera ya kwanza, mabango, na madaftari ya Hallbera ya filamu kumi na tatu. Bwana aliyekuja kuorodhesha alikuwa mpole na mwenye haraka. Alipofika kwenye sanduku la kumi na nne aliuliza ni la filamu gani. Hallbera akamtajia. Akatafuta kwenye orodha yake, akatafuta tena.

"Hii haipo, mama."

"Haijaisha."

"Basi hivi si vifaa vya filamu," alisema, naye hakuwa na ubaya wowote. "Ni sweta, na taa."

Nilikuwa nimeshika upande mwingine wa meza. Nimemwona Hallbera akinyeshewa, akibebwa amekufa, akikaa saa sita kwenye upepo akingoja wingu liondoke. Sijawahi kumwona akiiacha meza kabla orodha haijaisha. Alilichukua sanduku akaenda kulitia garini mwake, na hakurudi ndani mpaka yule bwana alipoondoka. Siku ile nilielewa kwamba kustaafu hakumtishi, ila hataki kuondoka akiwa amemwacha mtu ndani ya banda.

Jioni alitupigia simu, watatu, mmoja mmoja, kwa maneno yale yale. "Ijumaa ya tarehe 14 naenda Bakkasel. Msako umekwisha, kondoo watakuwa nyumbani. Unakuja au huji?" Hakusema kufanya nini. Ketill aliazima kamera ndogo kutoka shuleni kwake. Mimi nilichukua maikrofoni. Hafliði alimwambia mwajiri wake ana mazishi.

Bakkasel sasa iko mikononi mwa Jófríður, binti wa Gróa. Alitupokea na kahawa, kisha tukatoka nje kuliona banda. Banda lilikuwepo. Lakini mlango wa mbao ulikuwa umekwenda, mahali pake kuna bati jekundu. Nyuma ya paa umesimama mnara wa simu. Na juu mlimani, lile bamba la theluji ambalo kwenye picha ya 1996 linakaa begani mwa Hafliði, lile ambalo wazee walisema haliyeyuki, halikuwepo. Mwamba mtupu.

Hafliði, ambaye ndevu zake sasa ni nyeupe, alijaribu sweta. Ilipita kichwani, ikagoma tumboni. "Nilikula kleina mbili," alisema, na hakuna aliyecheka sana.

Ketill alianza kuhangaika kama enzi zile. Alizunguka banda, mikono imeunda fremu. "Nikipiga karibu sana, mnara hauonekani. Mlango tutaufunika kwa gunia. Ndevu tutazipaka rangi. Hallbera, taa ilikuwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Bega?"

"La kushoto."

"Theluji tutaitia baadaye kwa kompyuta. Hallbera? Sema basi, inawezekana?"

Hallbera alikuwa amefungua daftari kwenye ukurasa ule, wino umefifia lakini unasomeka. Alisoma, akamtazama Hafliði kuanzia nywele hadi viatu, akautazama mlima. Kisha akalifunga, akaingia ndani ya banda peke yake. Alikaa muda. Jófríður akamfuata, nami nikafuata kwa sababu nilikuwa nimeshavaa vipokea sauti na nilitaka kujua banda linasikikaje. Nilimkuta amepiga magoti kwenye majani makavu, na miaka yake sitini na tisa, anamshika kondoo mmoja baada ya mwingine kichwani na kumpapasa masikio.

"Unatafuta nini, Hallbera?" Jófríður aliuliza. "Kuna aliyepotea?"

"Hii ni alama yako?"

"Ni ya mama. Kabla yake ilikuwa ya babu. La kulia limekatwa ncha, la kushoto lina pengo nyuma. Nibadilishe kwa nini?"

Hallbera alibaki ameshika sikio la yule kondoo. Halafu alisimama, akajikung'uta, akatoka kwenye mwanga.

"Gunia toeni," alisema. "Rangi ya ndevu iacheni. Atoke alivyo."

Ketill alimtazama kama aliyesikia mchungaji akitukana. "Hallbera, hakuna kitu hata kimoja kinachofuatana. Aliingia ana miaka arobaini na moja!"

"Naona."

"Sweta haimwingii!"

"Aishike mkononi. Mimi nimeangalia, Ketill. Mlango si ule, mlima si ule, mtu si yule. Kondoo ni wa nyumba hii. Watu wa bondeni watajua yuko kwake."

Katika miaka thelathini na tisa hakuwahi kumwambia mwongozaji cha kufanya. Ketill alikaa chini kwenye jiwe, akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa. Hatimaye akasema, "Haya. Hafliði, ingia."

Tulipiga mara moja tu, kwa kuwa nyonga ya Hafliði isingeruhusu mara ya pili na kondoo asingekubali ya tatu. Bati jekundu lilisukumwa kwa bega la kushoto. Alitoka na taa mkono wa kulia, kamba na sweta mkono wa kushoto, akichechemea, kondoo nyuma yake akivuta upande wake. Katika mswada alipaswa kupita moja kwa moja. Hakupita. Alisimama, akautazama mlima kwa muda mrefu, kama mtu aliyeingia kuchukua kitu dakika moja na kutoka akakuta watu wote wameshaondoka. Mimi nililia, sioni haya kusema. Kisha akaendelea na njia yake, nyumbani.

Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba mtunza mfululizo hatoi sauti kamera ikienda. Hallbera huwafukuza watu kwa kukohoa. Lakini pale, Hafliði alipopita mbele yake, vipokea sauti vyangu vilinasa sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayezungumza na daftari lake. Alisema, "Ametoka."

Ketill aliniuliza jioni kama sauti iko safi. Nikamwambia iko safi. Sikuifuta, wala sikumwambia Hallbera, na kama anaisoma habari hii kwa mara ya kwanza sasa hivi akiwa ameketi mbele yenu, basi anisamehe. Amekuwamo katika filamu kumi na tatu za nchi hii, mara saba akiwa maiti, na hakuna hata moja ambamo anasikika. Hii anasikika.

Filamu haikuisha kama ilivyoandikwa. Siku nane bado hazijapigwa, na hazitapigwa. Ketill ameunga tulichonacho, ni dakika arobaini na moja, na fomu za mfuko hazina kisanduku cha kitu cha namna hiyo. Sanduku la kumi na nne Hallbera amelirudisha kwa yule bwana wa makumbusho pamoja na nakala ya filamu. Safari hii bwana huyo ameliandika kwenye orodha yake. Tumeambiwa kazi ya Hallbera sasa itafanywa na simu, au na yeyote atakayekuwa amesimama karibu. Sina nguvu ya kubishana.

Jumamosi, tarehe 29, tukishamaliza supu na kahawa, taa za ukumbi huu zitazimwa na *Mwaka wa Nyasi Chache* itaonyeshwa kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyeomba iwe hapa. Tumewaachia wakulima safu ya mbele, na kamera ikisogea karibu na kondoo, wenye macho makali wanaruhusiwa kusimama na kukagua masikio. Hallbera atakuwa amesimama nyuma karibu na mlango, pale pale Gróa alipomngojea.

Hallbera, ahsante kwa kukumbuka kwa niaba yetu sote. Ahsante kwa supu, kwa usafiri, na kwa vifo saba. Nenda sasa, shusha kikombe chako kwa mkono wowote utakao, na tunakuombea siku nyingi njema ambazo hazilazimiki kufanana na za jana.

Dagbjartur, fundi sauti